Jina la Basenji: Mbwa wa Kongo katika Maonyesho ya Ulaya

Neno basenji limo leo katika kamusi nyingi za lugha za Ulaya. Maana yake huko ni aina ya mbwa mdogo atokaye Afrika ya Kati, mwenye masikio yaliyosimama, mkia uliojikunja juu ya mgongo kama pete, na kipaji chenye makunyanzi. Mbwa huyu habweki kama wenzake, bali hutoa mlio wa kupanda na kushuka unaokaribia wimbo. Kanuni za maonyesho zataka kimo cha dume kiwe sentimita 43 na uzito wake kilo 11. Jike awe sentimita 40 na kilo 9.5. Mtu anayetaka kumwona halazimiki kwenda Kongo. Humwona zaidi Uingereza na Marekani, katika maonyesho ya mbwa, ambayo kwa watu wa nchi hizo ni mashindano na matembezi kwa pamoja: jamaa nzima hutoka asubuhi na chakula chao, na mbwa wao aliyechanwa manyoya, wakarudi jioni wameshinda au wameshindwa.

Kwa msikilizaji wa Kiswahili neno hilo si geni. Likisemwa polepole, ndani yake husikika neno letu washenzi. Nami nilipokuwa mwanafunzi Ulaya niliulizwa mara kadhaa na wenye mbwa hawa jina lao lina maana gani, kwa kuwa walijua natoka katika nchi za Kiswahili. Na kila mara nilisita kidogo kabla ya kujibu. Makala haya ni jibu refu kuliko lile nililoweza kulitoa uwanjani.

Nakusudia kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kwamba maonyesho ya mbwa ndiyo yaliyomlazimisha mbwa huyu awe na jina, maana kwao hakuwa nalo wala hakulihitaji. Pili, kwamba jina alilopewa lilikuwa tusi la Kiswahili lililotukana watu kabla ya kuitwa mbwa, na kwamba tafsiri yake inayoenezwa na wafugaji si sahihi. Tatu, kwamba historia ya mbwa mwenyewe imekwisha kulipinga jina hilo, na mtunga kamusi hana budi kuliangalia jambo hilo.

Maonyesho ya mbwa yalivyoanza

Desturi ya kuwaleta mbwa mbele ya watu ili washindanishwe kwa umbo si ya kale sana. Onyesho ambalo kwa kawaida huhesabiwa kuwa la kwanza lilifanyika mjini Newcastle upon Tyne, kaskazini ya Uingereza, tarehe 28 na 29 Juni 1859. Mbwa walioletwa walipata kama 60, nao wote walikuwa wa kuwindia ndege, wa aina mbili tu. Zawadi ya washindi ilikuwa bunduki. Zawadi hiyo yatufunza jambo: aliyepimwa alikuwa mbwa, lakini aliyeheshimiwa alikuwa msasi. Wahenga wetu nao walisema kwamba mbwa wa msasi mkali ni mkali pia.

Mwaka uo huo Birmingham nayo ikafanya onyesho lake, na katika mwaka wa 1860 mji huo ukawakaribisha hata mbwa wasiokuwa wa kuwinda. Tangu hapo shughuli hii ikaenea upesi. Reli zilikuwa zimekwisha kufungwa nchini kote, hata mtu aliweza kumpakia mbwa wake katika gari la moshi, akaenda mji wa mbali akarudi nyumbani bila shida kubwa. Watu wa mijini waliokuwa na fedha kidogo na siku ya mapumziko walipata pumbao jipya.

Walakini onyesho kubwa haliwezi kwenda bila daftari. Mwaka wa 1873 ikaundwa London jumuiya iliyoitwa Kennel Club, na mwaka wa 1874 ikatoa kitabu chake cha kwanza cha nasaba za mbwa, kikiwa na habari za maonyesho tangu yale ya 1859. Shida yao kubwa ilikuwa majina. Mbwa wengi mno waliitwa Spot, au Bob, au Jet, hata haikuwezekana kujua ni Bob yupi aliyeshinda na ni Bob yupi aliyezaa. Kwa hiyo mwaka wa 1880 ikawekwa kanuni ya kuandikisha majina, ili kila mbwa ajulikane kwa jina lake peke yake. Mwaka wa 1891 Charles Cruft, aliyepata ujuzi wake katika biashara ya biskuti za mbwa, akafungua maonyesho yaliyochukua jina lake katika ukumbi wa Royal Agricultural Hall, Islington, mjini London. Walioandikishwa walizidi 2,400, wa aina 36.

Mambo haya yahusu lugha kuliko yanavyoonekana. Katika onyesho mbwa haonekani kwanza kwa umbo, bali kwa jina: jina la aina yake, kisha jina lake mwenyewe, kisha majina ya wazazi wake. Mbwa asiye na jina la aina hana safu ya kusimama wala mwamuzi wa kumwamua. Hata awe mzuri namna gani, kwa daftari hayupo.

Mbwa nyumbani kwake

Katika misitu ya Ituri na Uele, na kaskazini zaidi mpaka nchi ya Wazande katika Sudani ya kusini, mbwa tunayemsema alikuwa mwenzi wa msasi. Wasasi hutega nyavu, na mbwa huingia kichakani kuwafukuza wanyama kuelekea nyavuni. Kwa kuwa habweki, mwenyewe angempoteza katika majani marefu. Basi humfunga shingoni kengele iliyochongwa kwa mti, na kwa mlio wake humjua mbwa alipo. Msafiri Mjerumani Georg Schweinfurth, aliyefika kwa Wazande mwaka wa 1870, aliwaona mbwa hao wadogo na kengele zao, na habari zao zimo katika kitabu chake kilichotoka mwaka wa 1874.

Huko nyumbani aliitwaje? Jibu ni fupi: aliitwa mbwa. Shina la neno hili ni la kale sana katika lugha za Kibantu, nalo limehifadhika vizuri: Kiswahili mbwa, Lingala mbwa, Kiganda embwa, Kirundi na Kinyarwanda imbwa. Wazande, ambao lugha yao si ya Kibantu, humwita ango. Hakuna aliyehitaji neno la pili la kumtenga na mbwa wa namna nyingine, maana kijijini hapakuwa na namna nyingine. Jina la aina huzaliwa pale tu aina mbili zinapokutana na mtu akataka kuzipambanua. Mbwa mmoja mmoja alikuwa na jina lake aliloitwa na mwenyewe, na hilo lilimtosha msasi na mbwa pia.

Safari tatu za kwenda Uingereza

Mbwa wa Kongo walionyeshwa kwa Cruft kwa mara ya kwanza mwaka wa 1895. Hawakuitwa Basenji. Waliitwa kwa majina ya kubahatisha, kama vile terrier wa Kongo au mbwa wa porini wa Afrika. Terrier ni jina la mbwa wadogo wa Kiingereza wanaofukua mashimo. Mbwa wa Kongo hawana ujamaa nao. Lakini waandishi wa daftari walitaka jina, wakalichukua lililokuwa karibu na mkono, wakaliongezea jina la nchi. Mbwa hao hawakuishi sana. Waliuawa na ugonjwa wa distempa, ambao mbwa wa Ulaya walikuwa wameuzoea kwa kiasi fulani lakini wageni hawakuwa na kinga nao.

Mwaka wa 1923 Lady Helen Nutting alichukua mbwa sita kutoka Sudani ya kusini, akawafikisha Uingereza. Hao pia walikufa wote. Dawa ya kuwakinga mbwa na distempa ilikuwa bado inatafutwa. Wataalamu Laidlaw na Dunkin walifanikiwa London katika miaka ya mwisho ya 1920.

Safari ya tatu ilikuwa ya Bibi Olivia Burn, aliyewaleta mbwa kutoka Kongo ya Wabelgiji mwaka wa 1936. Sheria ya Uingereza ya wakati huo, iliyowekwa kwa kuogopa kichaa cha mbwa, ilitaka kila mbwa wa kigeni akae karantini miezi sita. Walipotoka, wakapelekwa kwenye maonyesho ya Cruft ya mwaka wa 1937, wakiandikwa kwa jina la Basenji. Umati wa watu ulijaa mbele ya vizimba vyao kuwatazama mbwa wasiobweka. Miongoni mwao alikuwamo dume Bongo na jike Bokoto, na damu yao imo hata sasa katika nasaba za mbwa hawa duniani. Mwaka wa 1939 ikaundwa jumuiya ya wafugaji wao Uingereza, na katika mwaka wa 1943 wakakubaliwa rasmi na American Kennel Club ya Marekani. Miongoni mwa wazazi wa ukoo huo huko Marekani wapo mbwa walioitwa Kindu na Kasenyi. Kindu ni mji wa Manyema juu ya mto Lualaba, na Kasenyi ni bandari ya ziwa Albert. Hivyo daftari la nasaba limekuwa pia ramani ndogo ya Kongo.

Neno lilikotoka

Sasa tulitazame jina lenyewe. Katika jamii ya pwani ya karne ya 19 watu waligawanywa kwa maneno mawili yaliyokabiliana: waungwana na washenzi. Mwungwana alikuwa mtu huru, mwenye mji, mwenye dini, anayejua kuvaa na kusema. Mshenzi alikuwa mtu wa bara asiyekuwa na mambo hayo machoni pa yule wa kwanza. Neno mshenzi, basi, halikuwa jina la kabila. Lilikuwa jina la umbali: lilieleza mtu alivyo mbali na mji wa yule anayesema. Ndiyo maana mtu aliyeitwa mshenzi mwaka huu angeweza, baada ya kusafiri na msafara na kujifunza lugha na mavazi, kuwaita wengine hivyo mwaka ujao.

Asili ya shina shenzi haijakubaliwa na wote. Wako wanaolihusisha na Zanj, jina ambalo Waarabu wa kale waliwaitia watu wa pwani hii. Maana zinakaribiana, lakini sauti zinaleta taabu, kwa kuwa z ya Kiarabu inapoingia katika Kiswahili kwa desturi hubaki z: zamani, zabibu, zaituni. Kwa hoja yetu hapa yatosha kujua kwamba neno lilikuwa limekomaa katika Kiswahili kabla ya misafara mikubwa kuvuka Tanganyika.

Misafara hiyo ndiyo iliyolichukua. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, alijenga utawala wake Manyema, Kasongo ikiwa mji wake mkubwa, na mwaka wa 1887 akapewa uliwali wa Stanley Falls na serikali ya Mfalme Leopold. Wasomaji wanayo habari yake kwa maneno yake mwenyewe, iliyochapwa pamoja na tafsiri ya Whiteley kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwaka wa 1958 na 1959. Humo neno washenzi limetumika bila haya, kama mtu atumiavyo neno la kila siku. Kwa upande wa magharibi, Stanley aliajiri wapagazi na walinzi Unguja, akashuka nao mto Kongo katika safari ya 1874 hadi 1877, akarudi nao katika kazi ya kuanzisha vituo vya mtoni. Baadaye jeshi la Leopold pia lilikuwa na Wazanzibari miongoni mwa askari wake wa mwanzo. Kwa hiyo neno liliingia Kongo kwa milango miwili, mashariki na magharibi.

Hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Kiswahili kilichoota mizizi mashariki ya Kongo kiliitwa Kingwana, yaani lugha ya waungwana. Yale maneno mawili yaliyokabiliana pwani yalisafiri pamoja katika msafara mmoja. Moja likawa jina la lugha, la pili likawa jina la mbwa. Sijui mfano mwingine wa maneno mawili ya namna hii yaliyoagana kwa njia ya ajabu kiasi hicho.

Mabadiliko ya sauti ni mepesi kueleza. Kiambishi cha wingi wa watu, ambacho kwetu ni wa-, katika lugha nyingi za Kongo ni ba-, na Lingala ni mojawapo. Sauti sh si ya asili katika Lingala, ikawa s. Na nz ikifuatwa na i ikageuka nj, kama inavyosikika pia katika Kiswahili cha Katanga, ambako z mbele ya i huelekea kwenye j. Basi washenzi wakawa basenji, na mmoja wao mosenji. Katika Lingala mbwa wa vijijini huitwa mbwa na basenji, yaani mbwa wa washenzi, kwa kupambanuliwa na mbwa wa Wazungu.

Mabadiliko ya sarufi yafaa kutazamwa kwa makini zaidi, maana ni matatu. La kwanza, Waingereza waliacha kichwa cha fungu la maneno wakachukua mkia wake: katika mbwa na basenji walitupa mbwa wakabaki na basenji. Jina la mwenye kitu likawa jina la kitu. La pili, neno la wingi likatumiwa kwa mmoja, hata mbwa mmoja peke yake akaitwa kwa neno lenye maana ya watu wengi. La tatu, walipotaka wingi, Waingereza waliongeza s yao, wakasema Basenjis. Neno sasa lina alama mbili za wingi, moja mbele ya Kibantu na moja nyuma ya Kiingereza. Mambo haya si ya kuchekwa. Hata sisi tumeyafanya: kitabu ni neno la Kiarabu ambalo ki- yake ni ya shina, lakini wingi wake tumeufanya vitabu.

Lakini tafsiri inayoenezwa haiwezi kuachwa ipite. Katika maandishi mengi ya wafugaji husemwa kwamba basenji maana yake ni kitu kidogo cha porini. Tukiligawa neno sehemu sehemu, hatuoni hata moja ya maana hizo tatu. Hakuna udogo, kwa kuwa kiambishi cha udogo kingekuwa ki- au ka- au mfano wake, wala si ba-. Hakuna kitu, kwa kuwa ba- ni ngeli ya watu. Wala hakuna pori, ila kwa kupitia dharau ya mtu wa mji kwa mtu wa shamba. Tafsiri hiyo imetungwa ili jina lipendeze. Kwa kuiremba, imewafuta watu waliokuwamo ndani ya neno, ikaacha mbwa peke yake.

Na watu hao walikuwapo. Wakati mbwa walipokuwa wakipigiwa makofi Ulaya, neno basenji lilikuwa likitumika Kongo dhidi ya watu. Wabelgiji walilichukua, wakalitumia kwa Kifaransa chao. Mwaka wa 1948 serikali ya kikoloni ilipoanza kutoa kadi ya sifa ya uraia kwa Waafrika iliowaona wameendelea, mpaka uliowekwa kati ya hao na wanavijiji ulikuwa ule ule wa waungwana na washenzi, na neno la upande wa pili lilikuwa bado ni lile lile. Tusi la msafara lilikuwa limepata ofisi.

Shenzi kwa mbwa wa Afrika ya Mashariki

Upande wetu huku neno lilifanya kazi ya namna hiyo pia, ijapokuwa kwa njia nyingine. Kiswahili chenyewe kilikuwa na mbwa koko, yaani mbwa asiye na mwenyewe, anayezurura. Pwani, ambako wengi hufuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo; walakini mbwa wa kuwinda ana ruhusa yake katika sheria. Hivyo mbwa hakudharauliwa kwa sababu ya nasaba. Alipangwa kwa kazi yake na kwa kuwa na mwenyewe au kutokuwa naye.

Walowezi wa Kenya walileta mpango mwingine. Walikuja na mbwa wao wenye vyeti, na katika Kiingereza chao wakachukua neno shenzi kwa kila kitu kisichokuwa cha daraja yao: barabara, nyumba, na zaidi ya yote mbwa. Mbwa wa Mwafrika, hata awe msasi hodari wa kijiji kizima, aliitwa shenzi kwa kuwa baba yake hakuandikwa. Hapo maana ya neno ilisogea. Kwa mtu wa msafara, mshenzi alikuwa asiyekuwa na mji. Kwa mlowezi, shenzi alikuwa asiyekuwa na daftari. Hata leo Nairobi husikika mtu akimwita mbwa wake shenzi bila nia mbaya, akiwa na maana tu kwamba ni mchanganyiko.

Tukiyaweka mambo haya mawili pamoja, twaona kinyume cha ajabu. Nairobi, shenzi ni mbwa asiyeweza kuingia katika onyesho la wenye nasaba. London, neno lile lile, likiwa na sauti za Kongo, ni jina la nasaba yenyewe, na cheti chake huuzwa kwa bei. Mbwa wa namna moja ya maisha, aliyetoka kijijini, amewekwa nje ya mlango au ndani yake kwa kutegemea kama neno limesikika katika Kiswahili au limesikika kama jina la kigeni lisiloeleweka.

Daftari lilipohitaji damu ya kijijini

Historia haikuishia katika majina. Daftari la nasaba lilifungwa juu ya mbwa wachache sana. Veronica Tudor-Williams, mfugaji mashuhuri wa mbwa hawa Uingereza, alisafiri mwaka wa 1959 kwenda Sudani ya kusini kutafuta damu mpya, akarudi na jike aliyeitwa Fula. Na damu ya Fula ikaenea upesi sana katika vizazi vilivyofuata. Hiyo yenyewe ilionyesha jinsi ukoo ulivyokuwa mwembamba.

Kisha maradhi ya kurithi yakajitokeza. La kwanza lilikuwa upungufu wa damu unaotokana na kuharibika kwa chembe nyekundu. Kipimo kilipopatikana, wafugaji waliwatoa katika uzazi mbwa waliolibeba. Lakini kwa kuwatoa hao walipunguza tena ukoo ambao tayari ulikuwa mdogo. Baadaye ugonjwa wa figo uitwao Fanconi ukaonekana kwa wingi. Mbwa mwenye nasaba safi kabisa, ambaye babu zake wote wamo kitabuni, alikunywa maji bila kukoma na kukonda hata kufa, kwa sababu ya usafi ule ule.

Mwaka wa 1987 na 1988 wafugaji wa Kimarekani wakasafiri kwenda Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati huo, wakaingia vijijini wakaomba na kununua mbwa kwa wenyewe. Mbwa hao hawakuwa na cheti chochote. Baadhi yao walikuwa na milia, rangi ambayo kanuni za Marekani hazikuikubali. Mwaka wa 1990 American Kennel Club ikafungua daftari lake, ikawaandika, na rangi ya milia ikakubaliwa pamoja nao. Na mwaka wa 2009 daftari likafunguliwa tena kwa wengine kutoka Afrika. Yafaa tukumbuke ni nani aliyemwokoa nani. Mbwa aliyefugwa nusu karne kwa kanuni za London na New York alihitaji damu ya mbwa wa vijijini, wale ambao mlowezi angewaita shenzi bila kufikiri. Wenye mbwa hao, wasasi wa Kongo, walikuwa wameutunza ukoo mpana na wenye afya bila daftari, kwa kipimo chao wenyewe: mbwa awinde au asilishwe.

Mwaka wa 2001 maonyesho ya Cruft, ambayo tangu 1991 hufanyika Birmingham, yaliahirishwa kutoka Machi mpaka Mei kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe. Yalipofanyika, maelfu ya mbwa wakiwa wamekusanyika, mbwa aliyeshinda wote alikuwa Basenji. Wenye kuitangaza habari hiyo walilitamka jina mbele ya uwanja mzima. Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Hapa jina halikuwa jema, lakini mwenye jina aling'ara.

Shauri kwa watunga kamusi

Yabaki kusema Kiswahili kifanye nini na neno hili linapoturudia. Njia tatu zinawezekana. Ya kwanza ni kulikataa, tukaseme mbwa wa Kongo. Njia hii yaonekana ya heshima, lakini ina kasoro mbili: mbwa huyu si wa Kongo peke yake, na kulificha neno ni kuiachia tafsiri ya uongo iendelee bila mpinzani. Ya pili ni kulitafsiri kwa asili yake, tukaseme mbwa mshenzi. Hiyo itakuwa kulirudisha tusi mahali lilipotoka, tena likiwa na maana ambayo mnyama hakuwa nayo kamwe, kwa kuwa aliyetukanwa alikuwa mwenye mbwa. Ya tatu ni kulipokea kama lilivyo, neno la mkopo kutoka lugha ya kigeni, na kueleza asili yake bila kupamba.

Mimi naunga mkono hiyo ya tatu. Neno lililotoka kwetu likazunguka Kongo na London lina haki ya kupokewa nyumbani, walakini mpokeaji mwema humwuliza msafiri habari za njiani. Kuhusu upatanisho, sioni shaka: ni jina la mnyama, kwa hiyo sarufi yake ni basenji huyu, basenji hawa, bila kubadilika katika wingi, na bila kuifanya ba- iwe kiambishi kinachoondoka. Asiseme mtu msenji kwa mmoja, maana atakuwa amemrudisha mtu pale tulipokusudia mbwa.

Napendekeza basi kidahizo kiwe hivi: basenji, nomino, upatanisho wa a- na wa-, mbwa mdogo wa kuwinda wa Afrika ya Kati asiyebweka. Asili: Lingala basenji, watu wa vijijini kwa dharau, kutokana na Kiswahili washenzi, katika Lingala, mbwa na basenji, mbwa wa watu hao, kisha Kiingereza, kuanzia maonyesho ya London ya mwaka wa 1937.